Setilaiti na jamvi la korosho: tathmini ya utabiri wa hali ya hewa unaotufikia Mtwara na Lindi

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kaunta, na wengi wetu tulioko kusini huitumia bila kujua kwamba tunaitumia. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inayosomwa redioni, ramani ya upepo anayoifungua kijana wa Shangani kwenye simu kabla ya kusukuma boti majini, na ile alama ya wingu na matone inayojitokeza yenyewe kwenye kioo cha simu, zote zimepitia kwanza kwenye setilaiti. Mimi ni katibu meneja wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho kwenye uwanda wa Makonde, na kuanzia Oktoba hadi Desemba kazi yangu hutegemea jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni korosho za wanachama kukauka juani kabla hazijatiwa kwenye magunia kwenda ghala kuu. Kwa hiyo nimeipima huduma hii kwa jamvi la kuanikia, wala si kwa uzuri wa picha zake. Kwa kipimo hicho ina nguvu kubwa upande mmoja na udhaifu wa wazi upande mwingine, na udhaifu huo una sababu ambayo mtumiaji akiielewa anaweza kuukwepa.

Setilaiti zinazotuhusu ni za aina mbili. Aina ya kwanza hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na kuzunguka pamoja na dunia, hivyo hutazama upande uleule usiku na mchana bila kuondoka. Aina ya pili hupita chini zaidi, kiasi cha kilomita 800, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, na humaliza mzunguko mmoja kwa dakika 100 hivi. Hizi huona kwa undani zaidi, lakini zikishapita juu ya Lindi hazirudi hadi baada ya saa nyingi. Upande wetu wa Bahari ya Hindi hutazamwa na setilaiti za Meteosat za EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Mwaka 2022 kazi hiyo ilikabidhiwa Meteosat-9, iliyowekwa kwenye nyuzi 45.5 mashariki. Mtwara iko karibu na nyuzi 40 mashariki na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo chombo hicho hututazama karibu kutoka utosini, jambo ambalo wenye setilaiti wenyewe kule Ulaya hawalipati, kwa kuwa wao hutazamwa kwa ubavu. Picha mpya hutoka kila baada ya dakika 15, ikiwa imepigwa katika mikanda 12 tofauti ya mwanga na joto, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuitazama bure kwenye ukurasa wa EUMETView au kwenye tovuti za ramani kama Zoom Earth.

Kwa tishio la kimbunga, sina budi kuipa alama zote. Anayetaka kujua thamani yake na aanze na Aprili 1952, kimbunga kilipoipiga pwani ya Lindi. Wakati ule tufani iliyokuwa baharini ilijulikana tu iwapo meli ilikutana nayo na kupata nafasi ya kupeleka habari, au iwapo ilipita juu ya kisiwa chenye kituo cha kupimia. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanya kazi vizuri, TIROS-1 ya Marekani, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960, miaka minane baadaye. Linganisha na Mei 2024. Mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwa mashariki mwa pwani yetu ulionekana mapema, ukafuatiliwa ulivyokuwa ukijikusanya na kuitwa Kimbunga Hidaya, na wananchi wa Mtwara, Lindi, Pwani na Zanzibar wakapewa taarifa siku kadhaa kabla hakijafika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, na hilo hakuna setilaiti ingeweza kulizuia. Lakini mashua zilikuwa zimevutwa ufukweni kwa wakati, na anayeishi kwa bahari anajua uzito wa neno hilo.

Namna nguvu ya kimbunga inavyopimwa inastahili kuelezwa, kwa sababu wasikilizaji wengi hudhani kuna mtu aliyekwenda kukipima. Katika Atlantiki Wamarekani hutuma ndege kuingia ndani ya tufani. Katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna utaratibu huo. Kituo cha eneo letu kilichoko kisiwa cha Réunion, kinachoendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, hukadiria kasi ya upepo kwa kutazama umbo la mawingu katika picha, yaani jinsi yanavyojizungusha, ubaridi wa vilele vyake, na kama jicho limefunguka katikati. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970 na bado ndiyo msingi wa kazi. Kwa hiyo mtangazaji anaposema upepo wa kilomita 120 kwa saa, ajue msikilizaji kwamba hilo ni kadirio la mtaalamu aliyesoma picha, akisaidiwa na vipimo vya setilaiti za njia ya chini zinapobahatika kupita juu yake.

Nimewahi kuwasikia watu wakiilaumu taarifa ya Aprili 2019, kwamba Mtwara iliwekwa kwenye tahadhari kisha Kimbunga Kenneth hakikuja. Lawama hiyo siikubali hata kidogo. Kenneth kiliingia nchi kavu tarehe 25 Aprili katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa tufani iliyotoka upande wa Komoro, tofauti kati ya kutua Msumbiji na kutua Mtwara ni mgeuko mdogo tu wa njia. Taarifa iliyowaweka watu macho huku kimbunga kikipita kwa jirani ilikuwa taarifa sahihi, na wenzetu wa ng'ambo ndio waliolipa gharama yake.

Picha, hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya faida. Sehemu kubwa haionekani na mtumiaji, nayo ni vipimo vya joto na unyevu vinavyochukuliwa na setilaiti katika tabaka za hewa, kuanzia karibu na ardhi hadi juu kabisa, kisha kuingizwa kwenye kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya siku zijazo. Zamani nusu ya kusini ya dunia ilikuwa na utabiri hafifu kuliko ya kaskazini, kwa sababu huku kuna bahari nyingi na vituo vichache vya kurusha maputo ya kupimia hewa. Kufikia mwanzoni mwa karne hii pengo hilo lilikuwa limezibwa kwa kiasi kikubwa, na vipimo vya setilaiti ndivyo vilivyoliziba. Utabiri wa siku tatu au nne unaotolewa leo kwa ukanda wa pwani ya kusini unasimama juu ya msingi huo, na katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, nimeuona kuwa wa kutegemewa. Wakati huo mikorosho inachanua, na mkulima anayetaka kujua kama asubuhi za baridi na unyevunyevu zinazochochea ugonjwa wa ubwiri unga zitaendelea, ili apange siku ya kupuliza salfa, anapata jibu linalofaa.

Sasa nifike kwenye jamvi. Korosho huanikwa siku mbili au tatu ili unyevu wake upungue, na mavuno yetu yanafikia kilele wakati uleule mvua za msimu zinapokaribia kuanza. Mvua inayotutesa mwezi Novemba si ile ya wingu kubwa jeusi lenye radi, ambalo kila mtu huliona likija kutoka upande wa Masasi. Ni mvua ya mawingu ya chini yanayoingia kutoka baharini usiku au alfajiri, yakagonga mteremko wa uwanda wa Makonde, yakamwaga maji kwa nusu saa na kwenda zake. Hapo ndipo huduma hii inapopwaya.

Sababu yake ni hii. Usiku kamera ya mwanga wa kawaida haioni kitu, hivyo setilaiti iliyosimama hutegemea miale ya joto, na miale hiyo hupima ubaridi wa kilele cha wingu. Kanuni inayotumika ni kwamba kilele kikiwa baridi sana wingu ni refu, na wingu refu huleta mvua. Wingu la radi la nchi za joto linaweza kufika zaidi ya kilomita 12 angani, na kilele chake huwa baridi kupindukia. Hilo setilaiti hailikosi. Lakini wingu letu la alfajiri lina kilele cha kilomita mbili au tatu tu, chenye joto lisilotofautiana sana na la bahari iliyo chini yake, na kwenye picha ya joto huonekana kama si kitu. Setilaiti huona kichwa cha wingu, na sisi tunalowa miguuni mwake. Wataalamu wanalijua tatizo hili vizuri. Makadirio yote ya mvua yanayotegemea ubaridi wa mawingu, yakiwemo yale ya TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, ambayo yamekuwa yakiandaliwa kwa Afrika na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1983, huwa na udhaifu katika maeneo ya pwani na milima kwa sababu hiyohiyo.

Setilaiti zenye vipimo vya mikrowevu huona matone yenyewe ndani ya wingu, na mojawapo ya muhimu zaidi, chombo kikuu cha GPM, mradi wa Marekani na Japani wa kupima mvua duniani, kilichorushwa Februari 2014, kina hata rada yake. Tatizo ni kwamba hupita na kuondoka. Makadirio yanayounganisha setilaiti zote za aina hiyo hupatikana kwa kila nusu saa, lakini hata toleo lake la haraka humfikia mtumiaji saa kadhaa baada ya mvua kunyesha, wakati ambapo korosho zimeshalowa na mwenye korosho ameshanipigia simu. Kwa kazi ya mhandisi wa mabwawa au mtafiti ni hazina. Kwa mtu mwenye turubai mkononi halina msaada.

Kinachojaza pengo hilo ni rada ya ardhini, ambayo hutuma mawimbi yakagonga matone na kurudi, hivyo huiona mvua chini ya wingu lolote. Mtwara imefungiwa rada ya hali ya hewa, na kwa maoni yangu huo ni uwekezaji uliotunufaisha zaidi kuliko setilaiti yoyote mpya ambayo ingerushwa kwa ajili yetu. Angalizo la saa chache zijazo linalotolewa kwa kutazama rada na picha ya setilaiti kwa pamoja lina thamani ya kumfanya mwanachama akunje jamvi lake. Linalotokana na picha peke yake, katika mwezi wa Novemba, mimi hulichukulia kama habari ya kuzingatia tu.

Ni lazima niseme neno kuhusu programu inayokuja na simu, ambayo vijana wetu huiamini kupita kiasi. Ile ninayotumia, ambayo sitaitaja jina, hunionyesha asilimia ya mvua kwa kila saa ya kesho, kana kwamba kuna mtu amesimama Newala akihesabu. Hakuna. Hizo ni namba za kompyuta ya mbali iliyoigawa dunia katika viraba. Hata mfumo wa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, unaohesabiwa kuwa miongoni mwa bora kabisa, umekuwa ukitumia viraba vya kilomita 9 hivi. Ndani ya kiraba kimoja cha namna hiyo kwetu kuna uwanda, mteremko na bonde, na mvua ya alfajiri huchagua kimoja ikaacha vingine. Programu ile huandika asilimia 40 siku nenda siku rudi tangu katikati ya Novemba, namba ambayo haimkosei mtu na wala haimsaidii. Taarifa ya TMA haina urembo huo, lakini husema uwezekano wa kutokea ni wa kiwango gani na athari zinazotarajiwa ni za kiwango gani, kisha huchagua kati ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa kufanya uamuzi, mfumo huo ni bora mno.

Wavuvi wana hesabu tofauti na yangu. Nahodha mmoja wa Mikindani, mtu mzima aliyevua tangu enzi za matanga, niliwahi kumwonyesha picha ya mawingu ikitembea kwenye simu. Aliitazama kwa adabu, akasema, "Katibu, mwanangu, wingu naliona mwenyewe. Mimi niambie upepo." Nilimfungulia ramani ya upepo kwenye tovuti ya Windy, naye akakaa nayo muda mrefu, akilinganisha na anachokijua kuhusu kusi linavyopinda baada ya rasi ya Msimbati. Alikuwa na haki. Upepo wa baharini ni moja ya mafanikio makubwa ya setilaiti ambayo husemwa kidogo. Setilaiti za Metop za Ulaya zina kifaa kinachotuma mawimbi ya rada chini na kupima yanavyorudi kutoka kwenye viwimbi vidogo vinavyochorwa na upepo juu ya maji. Kutokana na hapo hujulikana kasi na mwelekeo wa upepo katika sehemu za bahari ambako hakuna boya wala meli. Vipimo hivyo vikiingia kwenye kompyuta, utabiri wa upepo kwa bahari ya wazi huwa mzuri kwa siku mbili tatu mbele. Karibu na ufukwe, ndani ya ghuba kama ya Mikindani au ya Lindi, si wa kuaminiwa kiasi hicho, kwa kuwa ardhi huvuruga kipimo na upepo wa nchi kavu wa usiku hauonekani vizuri kwenye viraba vikubwa. Anayevua kwa ngalawa karibu na miamba ataendelea kumtegemea nahodha wake. Anayekwenda mbali kwa boti ya mashine, hasa majira ya matanga mbili pepo zinapobadilika, akiondoka bila kutazama ramani ya upepo anajitafutia balaa.

Kuhusu utabiri wa msimu mzima nitakuwa mfupi. Setilaiti hupima joto la uso wa bahari, na joto hilo, katika Pasifiki kwa El Niño na katika Bahari ya Hindi kwa tofauti kati ya upande wetu na upande wa Indonesia, ndilo linalotumika kukadiria kama mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Mwisho wa mwaka 2019 upande wetu wa bahari ulikuwa na joto kuliko kawaida na Afrika Mashariki ikanyeshewa sana. Lakini mikoa yenye vuli na masika, kule kaskazini, huitikia mabadiliko hayo kwa uwazi kuliko sisi wenye msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwanachama akiniuliza kama auze mbegu za mahindi apande ufuta kwa sababu redio imesema El Niño, humjibu asubiri taarifa ya mvua za msimu inayotaja mikoa yetu kwa jina, na hata hiyo aichukue kama uwezekano.

Uangalizi wa muda mrefu wa tabianchi haumgusi mteja moja kwa moja, ila hapa pwani una sura yake. Tangu TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, setilaiti zimekuwa zikipima kimo cha bahari bila kukatika, zikipokezana hadi Sentinel-6 iliyorushwa Novemba 2020, na zimeonyesha kwamba bahari za dunia kwa wastani zimepanda kwa karibu sentimita 10. Sentimita 10 si nyingi hadi utakaposimama Kilwa Kisiwani, ambako mmomonyoko wa ufukwe ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoyaweka magofu kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Anayepanga kujenga ghala au soko la samaki kando ya maji anapaswa kuzidai takwimu hizo kwa mhandisi wake.

Kwa matumizi ya kila siku, yafuatayo yatamsaidia anayeanza. Picha nyingi huandikwa saa za kimataifa, na ukiona 03:00 ujue ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Usiku chagua picha ya miale ya joto, lakini mchana tumia ya mwanga wa kawaida, kwa sababu hiyo huonyesha mawingu ya chini ambayo nyingine huyaficha. Ukiyaona jioni yakiwa yamejipanga baharini kwa safu na upepo ukiwa wa kutoka mashariki, kunja jamvi bila kusubiri ushauri wa mtu. Picha moja hula bando kidogo, ila mfululizo wa picha zinazotembea hula nyingi, kwa hiyo usiuache ukijizungusha mfukoni. Na mtandao ukikatika, taarifa ya redio bado ipo, kwa kuwa vituo vya hali ya hewa barani Afrika hupokea data za EUMETSAT kwa dishi, kupitia setilaiti ya mawasiliano, bila kutegemea intaneti ya kawaida.

Wako wanaopita kwenye vyama vya ushirika wakiuza vifurushi vya utabiri kwa ujumbe mfupi. Kabla ya kulipa, waulizwe wanatumia rada gani na vipimo vya mvua vya kituo gani. Kama jibu ni setilaiti peke yake, wanauza kile kinachopatikana bure. Kwa chama kama chetu fedha hiyo ingenunua vipima mvua vya plastiki vya kutosha kila kijiji kiwe na chake, na mtu wa kuandika daftarini kila asubuhi. Kampuni yenye meli au kazi za gesi baharini ina sababu ya kulipia utabiri wake maalumu wa mawimbi. Mkulima wa korosho hana.